Daftari la Herufi Kubwa

Biubwa hakuwa mtu wa kutulia. Tangu mumewe, Shaibu, avuke Mto Ruvuma kujiunga na wapigania uhuru, kila wiki alifunga mzigo amfuate, na kila wiki akaufungua. Ng'ambo kulikuwa na shule ya wakimbizi iliyotaka mwalimu wa Kiingereza, naye alikisoma kidogo kwao Lindi kabla ya kuolewa Palma, upande wa Mreno. Kidogo! Hicho kidogo ndicho kilichomnyima raha.

Kilichomshinda ni herufi kubwa. Hati ya Kiarabu aliyofunzwa chuoni, kwenye Kurani, haina kubwa wala ndogo. Mreno humpa herufi kubwa mtu na mji, lakini lugha na taifa huziandika kwa ndogo. Mwingereza naye anataka zote kubwa: mtu, mji, siku, Mmakonde, Kireno. Haya, utafanyaje? Ni kuandika mpaka mkono uzoee. Wino wa dukani hakuwa nao, akatumia ule wa chuoni, wa masizi na gundi. Kitabu chake cha Kiingereza kilimtajia John na London, watu na miji asiyoijua, akaona aandike watu wake. Amisse anakwenda Pundanhar Jumatatu. Shaweji na Abdurahmane wako Quiterajo Ijumaa. Majirani kumi na saba, wote kawasafirisha daftarini.

Asubuhi moja mtaa ukachafuka. Masipai, askari wa bomani, walikuwa wanapekua nyumba baada ya nyumba wakitafuta karatasi za wapigania uhuru. Biubwa akafunua daftari. Mola wangu! Watu, mahali, siku. Nani atakubali kuwa ni somo? Kumi na saba watafungwa kwa ajili yake.

Akakimbilia jikoni alitie motoni. Mama mkwe wake, Zainabo, akamshika mkono.

"Abdurahmane umtie motoni? Jina la Mungu limo humo, we mwana!"

"Mama, wanakuja!"

"Basi lioshe, kama tunavyoosha kombe, aya za kumnywesha mgonjwa."

Wakachana kurasa, wakaziosha kwenye bakuli moja baada ya nyingine. Maji yakawa meusi. Makaratasi matupu wakayasokomeza motoni. Mlango ukasukumwa.

Sipai Mussagy, Mwislamu wa mjini hapohapo, akalitazama bakuli kwa muda.

"Kombe la nani hili, dada?"

"La mama. Tumbo linamsumbua."

"Kunywa wewe kwanza, nione."

Biubwa akanywa. Masizi yakamkwaruza koo, akameza, akanywa tena. Mussagy akapekua kitanda, akapekua dari, akatoka.

Biubwa akakaa chini, akalia kwa hasira na hofu. Zainabo hakumbembeleza. Alikuwa anayaangalia maji yaliyobaki.

"Na mwanangu ulimwandika?"

"Shaibu? Kila ukurasa, mama. Nilianza naye yeye."

Zainabo akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akapiga bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho.