Barua Zilizogoma Kutoka

Télesphore, karani wa shule moja kule kwao Fizi kabla ya kukimbia vita, alikuwa mwandishi wa barua wa mtaa wake katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Asiye na simu ya maana alimwendea nyumbani, akasema la moyoni, naye akaliandika kwenye kompyuta yake kuukuu na kulituma kwa barua pepe.

Mwezi wa tatu Madeleine, mshonaji, alimwandikia mama yake Uvira kumwomba msamaha, kwa sababu walikuwa wameachana kwa maneno mabaya. Barua ilipitia kwa kaka yake, René, aliyeishi na mama. Jibu halikuja. Akaandika ya pili, ya tatu, mwishowe akanyamaza.

Mwezi wa sita ikaingia barua ya René. Mama alikuwa amezikwa. Kila siku aliuliza kama Madeleine ameandika, na kila siku René alimjibu hapana.

Télesphore aliisoma mara mbili. Akajitumia barua ya majaribio, haikufika. Akazima modemu, akaiwasha, bado. Ndipo akafungua folda ya barua zinazosubiri kutumwa, akazikuta thelathini na moja.

Akalifunga kasha la kompyuta kwa kitenge, akapanda minibasi hadi mtaa wa mjini wa Area 49 kwa Raïssa, fundi wa kompyuta aliyewahi kuishi kambini. Raïssa alimuuliza kama aliwahi kubadilisha neno la siri la barua pepe. Alibadilisha, mwezi wa pili.

“Upande ya kupokea iko na neno mupya,” Raïssa akasema. “Ya kutuma iko na la zamani. Haikukuuliza?”

Ilimuuliza. Kila mara kilitokea kidirisha chenye Kiingereza, naye alikifunga akidhani ni tangazo.

Raïssa aliandika neno jipya, na barua zote zikaondoka kwa mkupuo, za Madeleine zikiwemo.

Télesphore aliporudi kambini alikwenda moja kwa moja kwa Madeleine, akamsomea barua ya René na kumweleza yote bila kujitetea. Madeleine hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

“Mama alikufa akijua mi nilimusahau,” alisema. “Unitolee ile barua ya kwanza kwa karatasi, tarehe ionekane.”

Aliichapa, akampelekea. Madeleine aliipokea bila zikomo wala asante.

Juma lote Télesphore alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wenye barua nyingine. Wengi walimuuliza swali lile lile: miezi mitatu bila jibu hata moja, hakushtuka? Kweli hakushtuka. Alikuwa amezoea kuona watu wa kambini wakisahauliwa.