Alikolazwa Mama Mdogo

Mama muuza samaki alinipa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya wateja wawili, nikirudia kimoyomoyo neno la Kitaliano nililofundishwa asubuhi ile, nikiwaza kama nikilikosea watacheka au watanionea huruma, na lipi ni baya zaidi. Zamu yangu ilipofika, yule mama aliinua macho, kisu kikabaki hewani. Aliniangalia kama mtu anayesubiri nimsalimie kwa jina. Kisha akakata kichwa cha samaki mkubwa, mashavu yamenona, akakifunga kwenye karatasi na kunikabidhi kwa mikono miwili. Nilipotoa pochi, alitikisa kichwa na kujifuta jicho kwa kiwiko, maana vidole vilijaa magamba.

Nilipanda ngazi kurudi nyumbani na lile furushi. Kijiji kile kimening'inia ubavuni mwa mlima juu ya bahari, na ndani yake hakuna barabara, ni ngazi tu, zinazopita chini ya madirisha ya watu na kamba za nguo. Njia nzima niliwaza: nimekosea nini? Labda kichwa ndicho wanachopewa wageni weusi. Labda ni msaada. Labda nimebeba kitu cha mtu.

"Amekupa kichwa?" aliuliza baba mdogo, akiwa jikoni.

"Amenipa. Wala sijaomba."

"Huku vichwa wanatupa, au wanapewa paka. Mama yako mdogo tu ndiye alikuwa anachukuaga." Alikifungua, akakitazama kwa muda. "Amekuona wewe, amemuona yeye. Haya mwanangu, twende tule kwanza."

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, na kila mtu kwetu Tandika anasema nimefanana naye mpaka kutembea. Baba mdogo ni mumewe, Mtaliano aliyewahi kupika kwenye hoteli za Kunduchi. Kiswahili chake ni cha jikoni, kimejaa "fanya fasta" na "usijali bibie". Waliondoka pamoja nikiwa bado nasoma shule ya msingi, wakaenda kuishi kwenye kijiji alichozaliwa yeye. Mwaka jana mama mdogo aliugua ghafla, akafa, akazikwa huko huko. Tandika tulimsalia kwa mbali. Tukasoma hitima, watu wakala pilau, turubai likafunguliwa, viti vikarudishwa. Yote yalifanyika isipokuwa maiti haikuwepo.

Wiki chache baadaye, jirani yetu mmoja alikuwa anachambua mchele barazani na bibi yangu. Akasema, bila hata kuinua uso kwenye ungo, "Lakini bibi, kule Ulaya si wanachoma?"

Tangu siku hiyo bibi hawezi kukaa karibu na jiko. Mkaa ukianza kushika anainuka, anaingia ndani, anafunga mlango. Aliyetupikia miaka yote sasa anasubiri aletewe sahani. Mara nyingine namsikia chumbani anasema peke yake, taratibu, "Sio moto. Wamemuweka tu." Kisha anatega sikio, kama anayesubiri ajibiwe.

Kwa hiyo baba mdogo aliponialika nipumzike kwake, nimemaliza chuo, sina kazi, natuma maombi yasiyojibiwa, bibi aliniita chumbani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mie zawadi sitaki. Nenda ukaushike mchanga wa mwanangu, urudi uniambie. Ukiushika nitajua kalala."

"Na kama..."

"Hakuna na kama. Nenda."

Ndivyo nilivyofika Italia kula likizo, na swali moja tumboni ambalo sikuweza kuliuliza.

Nilijaribu. Siku ya kwanza nilipomwambia baba mdogo "shikamoo", alishusha begi langu chini kwanza. Alisema hakuna aliyemwamkia hivyo tangu mkewe aondoke. Baada ya hapo ningeanzaje kumuuliza kama amemchoma? Ndani ya nyumba, msala wa mama mdogo ulikuwa bado umetandikwa pembeni ya sebule, umeelekezwa mshazari upande wa kibla, kama alivyouacha yeye. Baba mdogo alikuwa anauzunguka akipita, hata akiwa na sufuria la moto mikononi. Nilisali juu yake. Kila nilipoinuka kwenye sijda, nilihisi kuna mtu nimemchukulia zamu yake.

Kila nilipokaribia swali, alisema twende tule kwanza. Tukala kweli. Tulikula dagaa wakubwa wa kukaanga, wanauzwa ndani ya karatasi iliyokunjwa kama ya karanga zetu, unakula huku unatembea. Tulikula kome waliochemshwa na vitunguu saumu, nikakaa dakika nzima nikiwaza kama wametiwa mvinyo. "Nimepika mwenyewe, hamna kitu humo," alisema. "Miaka yote napikia Muislamu, leo nianze kukosea?" Tulikula pweza na viazi. Nikamwambia kwetu jioni wanaume wanapanga foleni kwa ajili ya supu yake tu.

"Najua! Huku supu wanamwaga," alisema. "Hawajui faida."

"Baba mdogo!"

"Nini? Wewe ni graduate, si mtoto." Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaangalia kiti cha tatu, kama mtu aliyezoea kukaripiwa kwa utani wa namna ile, na kicheko kikaishia hapo.

Chakula kilichonishinda ni tambi za rihani. Wanaiponda mbichi na mafuta ya zeituni, wanachanganya, sahani nzima inakuwa ya kijani. Wengine wanaona ndiyo fahari ya pwani ile. Lakini mimi rihani ninayoijua ni ya kikuba anachovaa bi harusi, na ya kuwekwa juu ya kaburi. Nilipoinua uma, harufu iliyonipanda puani ilikuwa ya makaburini kwetu asubuhi ya Idi. Nilimeza. Nikawaza, mama mdogo naye alikula hiki kila wiki, na alikuwa anawaza nini?

Kutembea nako kulikuwa na mambo yake. Kijiji hadi kijiji unapanda treni ndogo inayotoboa milima. Unakuwa gizani, ghafla bahari inafunguka dirishani, inang'aa, watu na miavuli yao, kisha giza tena. Kila giza lilipoingia, kioo kilinionyesha uso wangu, na wazee waliokaa mbele yangu waliuangalia ule wa kwenye kioo, si mimi. Bibi mmoja alifanya ishara ya msalaba. Nilishuka kituo kisicho changu ili nisiendelee kukaa mbele yake, nikasubiri treni nyingine juani.

Siku iliyofuata baba mdogo alisema ana shughuli kidogo mchana, niende ufukwe wa chini kwa basi. Tiketi unanunua kwenye duka la magazeti, halafu ukishapanda unaichomeka kwenye kijimashine ili igongwe muhuri. Niliichomeka kichwa chini. Nikaigeuza. Mashine ikalia, sikujua kama imekubali au imekataa, nikakaa nyuma ya dereva nikiishika tiketi wazi ili yeyote aione.

Kwenye kona moja juu ya kijiji, mahali pasipo na kibao cha kituo, dereva alisimamisha basi na kufungua mlango. Hakuna aliyeshuka. Alinitazama kwenye kioo chake. Abiria wakageuka, nao wakanitazama. Aliashiria nje kwa kidevu, kwa upole, akavua kofia yake.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi niliona nimeshikwa na tiketi mbovu, na sikutaka wanione nikibishana. Nikashuka.

Basi lilipoondoka, niliona niko mbele ya geti la chuma, na miti mirefu myembamba nyuma yake. Kijiji kizima kilijua mimi naenda wapi. Ni mimi tu nisiyejua.

Ndani hapakuwa na makaburi kama ninayoyajua. Palikuwa na kuta. Kuta ndefu, zimegawanywa miraba ya mawe meupe, juu hadi chini, kila mraba una picha, jina, na kijitaa cha umeme kinachowaka mchana kweupe. Nilitembea nikizisoma nyuso. Nilikuwa natafuta mchanga, popote. Chini palikuwa na kokoto zilizomwagwa na kusawazishwa.

Nikakutana na uso wangu.

Ulikuwa safu ya pili, usawa wa kifua changu, kwenye kigae cha mviringo. Mama mdogo kajifunga ushungi, anacheka. Kwenye kijichupa kilichobanwa mbele ya jiwe hapakuwa na maua. Palikuwa na rihani, ya leo, bado ina maji. Na begani kwake, mahali picha ilipokatwa, kulikuwa na vidole vya mtu, vimepakwa hina, vimemshika. Niliijua pete. Ni picha ya harusi ya mama yangu, na ule ni mkono wa bibi.

Niliweka kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa la baridi ingawa jua lilikuwa kali. Nilisoma nilichoweza kusoma, nikachanganya aya, nikaanza upya.

"Nilitaka nikulete mwenyewe," sauti ilisema nyuma yangu. Alikuwa baba mdogo, ameshika fungu jipya la rihani. Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yake ya mchana.

Swali likanitoka vibaya, kwa sauti kubwa. "Ulimchoma?"

"Nani? Mimi?" Alirudi nyuma hatua moja. "Mwanangu. Nimchome?"

"Tandika wanasema..."

"Wamemuosha kina mama wa Kimoroko, wanakaa mji wa pili. Sanda yake, kila kitu. Mume wa mmoja wao amemsalia. Nimewaambia mafundi, mlazeni ubavu wa kulia, mimi nitasimama hapa mpaka mmalize. Nimechagua ukuta huu kwa ajili ya upande wake, kama msala." "Makaburi ya Waislamu yapo mji mkubwa, mbali. Kwenye udongo, sawasawa. Nilijua mngetaka kule. Lakini kule ningeenda mara ngapi mimi, na magoti haya? Hapa napanda basi tu. Ndiyo maana nakwambia kila siku twende tule. Naogopa ukiona, mtamwondoa."

Alibadilisha maji ya kijichupa, akatoa rihani ya jana, akaitia mfukoni badala ya kuitupa.

Tulirudi kwa basi lile lile.

Bibi alipiga simu ya video jioni ile, mama kamshikia simu, uso wake nusu na nusu dari. Baba mdogo aliacha kuosha vyombo, lakini maji aliyaacha yanamwagika.

"Umeushika mchanga?"

Nilikuwa nimeshatunga majibu mengi. Kulikuwa na moja zuri sana, lenye mchanga mweupe na kivuli.

"Hakuna mchanga, bibi. Hajachomwa. Kaoshwa, kasaliwa, kalazwa ubavu wa kulia. Ila yuko ukutani."

"Ukutani vipi?"

"Ndani ya ukuta. Wanajenga kama vyumba, wanafunga na jiwe."

Nikasikia mama anamwambia bibi akae vizuri.

"Hakuungua hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na kwenye picha yake kuna mkono wako, bibi. Wenye hina. Umemshika bega."

"Mkono wangu uko huko?"

"Uko huko."

Alivuta pumzi ndefu. "Na huyo mume wake yuko wapi? Anasikia?"

"Shikamoo mama," alisema baba mdogo kutoka kwenye sinki, bila kugeuka.

"Marahaba. Unakwenda kumuona?"

"Kila siku, mama."

"Haya. Mwacheni hapo hapo." Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, "Alikuwa anakula?"

"Vichwa vya samaki," nilisema. "Wanamwekea."

"Mwanangu huyo," alisema bibi, na simu ikapinduka, tukabaki tunaangalia pangaboi la Tandika likizunguka.

Nimerudi nyumbani sasa. Bado natuma maombi, bado nasoma barua pepe moja mara kumi kabla sijaituma. Bibi amerudi jikoni. Juzi amekaanga samaki, akakaa karibu kabisa na mkaa, akaupepea mwenyewe. Kuhusu ukuta hajaniuliza tena, nami nilidhani limekwisha.

Ila wiki iliyopita aliniita nimsaidie kusogeza kabati chumbani kwake. Lilikuwa limeegemea ukuta tangu sijazaliwa. Niliuliza lina nini, akasema halina kitu, lisogee tu. Nilisukuma, nikafagia vumbi la nyuma yake. Tukasogeza kitanda chake mahali pale.

Jana alasiri nilimpelekea chai nikamkuta amelala ubavu wa kulia, uso ameuelekeza ukutani, kiganja chake amekiweka juu ya plasta. Hakuwa amelala usingizi.

"Wa baridi," aliniambia. "Na wa kule ni wa baridi hivi?"

Niliweka chai chini, nikaugusa ukuta pembeni ya mkono wake.

"Ndiyo, bibi. Hivi hivi."