Kona za Njia ya Ming'oko

Mwaka ule wa njaa ndio tuliokula unga wa njano wa msaada. Watoto waliuzungusha ugali wake mdomoni na kusema ni chakula cha ng'ombe. Ng'ombe wa kumuuliza hatukuwa naye. Kilichotuokoa ni ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini unayochemsha kwa chumvi, na ming'oko ilikuwa ng'ambo ya msitu wa kijiji chetu, huku kando ya mto Ruvuma. Binti yangu mkubwa alikuwa mjamzito, na unga ule ukimtapisha.

Njia ya msituni ilipinda kama utumbo wa mbuzi. Mgeni angesema imechongwa na walevi. Wapi. Kila kona ilikuwa heshima ya mtu. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawaonani uso wala hawasemezani. Ukisikia kikohozi mbele, unajibu kwa kikohozi, mmoja anajibanza nyuma ya kona, mwingine anapita. Mume wa binti yangu alikuja kukaa kwetu, kama desturi ilivyo, na mimi nilimjua kwa kikohozi tu. Kikohozi kizuri, cha mtu mwenye adabu.

Basi akaja bwana maendeleo na baiskeli yake kutoka Mtwara, kijana wa shati jeupe. Akataka njia nyepesi, ya kupita mtoto na kikongwe bila kujikwaa. Vijana wakafyeka, wakang'oa, miiba yote wakaitupia kwenye kona za zamani. Njia ikanyooka mpaka ukisimama huku unamwona mbuzi wa kule, na unajua ni wa nani.

Asubuhi ya kwanza nimebeba kikapu, niko katikati, nasikia kikohozi. Mkwe wangu huyo, anarudi na mzigo wa ming'oko. Pa kujificha hakuna, hata kichaka cha kuficha kuku. Nikageuka, nikajifunika kanga, nikaanza kwenda kinyumenyume, maana kurudi nyumbani mikono mitupu sikuweza. Sikujua kwamba naye kageuka, anakuja kinyumenyume.

Tukagongana migongo. Ming'oko ikamwagika yote, na hakuna wa kugeuka kuokota. Mjukuu wangu wa kwanza, huyu mwalimu wa leo mnayemwamkia kwa adabu, lishe yake ndiyo hiyo iliyokuwa chini.

Mkwe akakiambia kisiki kilichokuwa kando, "Ee kisiki, niombee radhi kwa mama."

Nami nikakiambia, "Mwambie radhi ipo. Ila asisogee, atakanyaga chakula."

"Mwambie mama sisogei."

Bwana maendeleo akatukuta hivyo hivyo, watu wazima wawili tumepeana migongo, tunazungumza na kisiki. Akashuka kwenye baiskeli.

"Shikamoo, mama. Njia mmeionaje? Nyepesi, siyo?"

"Marahaba. Njia isiyo na kona siipiti."

"Mama, mbona hata watoto wadogo wanapita?"

"Watoto wadogo wana wakwe?"

Akasema Ijumaa wakubwa wanakuja kuitazama njia, na mimi ndiye kiongozi wa ngoma ya wanawake. Nisipopita mimi, hapiti mwanamke. Nikamwambia aokote ming'oko kwanza. Akaokota, na shati lake jeupe.

Jioni ile wanawake tukachukua mapanga, tukaiondoa miiba kwenye kona zetu. Ijumaa wageni wakakuta njia iliyonyooka ina mbuzi tu, wanatembea kwa starehe. Sisi tulikuwa humo porini na vikapu, tunapinda na kukohoa. Vikohozi vikatoka kila upande, mpaka mgeni mmoja akauliza kama kijiji kizima kina kifua kikuu.

Bwana maendeleo akanifuata mbio. "Mama yangu, pita mara moja tu, wakuone."

Nyuma ya kona mkwe wangu akakohoa taratibu. Nikajua anasikiliza.

"Njia isiyo na kona siipiti."