Njiti za Amondi Ukutani

"Hulitoi jina langu kwenye orodha," Amondi alisema, akalaza mkono juu ya makaratasi ya Muthoni. "Siku kumi nimevaa mkanda wako wa waya kifuani. Mpaka kanisani nimeenda nao."

Muthoni ni binti wa Muiruri, mwenye ploti hii tunayopanga, aliyesomea uhandisi chuo kikuu. Alikuwa ametengeneza mashine yenye mkanda huo, ya kupima joto linaloshika wanawake hedhi ikikoma. Joto likipanda, kalamu yake inachora mstari kwenye karatasi. Sasa alikuwa anaeleza kwa upole kwamba Amondi anakaanga samaki hapa Forty-six, Kawangware, kutwa nzima, na mashine haijui joto la mwili ni gani na la jiko ni gani. Wote wanaofanya kazi motoni wametolewa.

"Mama Ryan, si mimi," akamwambia Amondi. "Utafiti ndio uko hivyo."

"Basi toa Kawangware yote. Nani hapa hapiki?"

Mimi, rafiki yake, nilikuwa nimekaa kitandani kwake nachambua dagaa wa omena, nikiona yote, kwa hivyo nitasema ukweli mtupu. Joto la Amondi halikuwa mchezo. Likimshika, kuku wa jirani walikuja kutagia karibu naye. Wenzake kanisani walisema ni mapepo. Daktari alimwambia ni uzee, akampa dawa ya kichwa. Huyu msichana ndiye wa kwanza kuliandika mahali, na sasa alitaka kulifuta.

Amondi akamvuta mpaka kwa ukuta wa matope. Njiti za kiberiti zilikuwa zimedungwa hapo, safu kumi, kila siku na safu yake.

"Jiko likinichoma, nilidunga iliyoungua. Joto likitoka ndani yangu, nikadunga nzima. Haya, soma."

Muthoni akapiga magoti, kidole kimoja kwenye karatasi, kingine ukutani. Kwa njiti iliyoungua, mstari ulipanda polepole kama mzee na mkongojo. Kwa njiti nzima, uliruka ghafla kama mbuzi. Safu ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu pia. Mpaka ya kumi, hakuna iliyokosea.

"Kumbe joto la jiko na la mwili yanatofautiana," akasema.

"Rudisha jina."

Akalirudisha, kwa wino.

"Na chini yake andika ni nani alidunga hizo njiti, ndio maprofesa wako wajue sisi hatujui kupika tu, tunajua pia ku—"

Pazia likasukumwa. Akaingia Osewe, bwana wa Amondi, sigara mdomoni, kiberiti kitupu mkononi, na akanyoosha vidole ukutani kuchomoa njiti nzima ya kuwashia.