Pacha wa Sarafu Yangu

Nilifunga safari ya Kisangani kwa sababu ya maneno mawili tu. Baharia wa meli ya mto alishuka hapa Kindu, akanikuta kwenye uwanja wa shule, akasema: "Mwalimu, Papa Selemani wa Kisangani anakusalimia. Amesema hivi: Bado iko."

Nilimshika mikono yote miwili nikamtaka arudie. Tangu uasi ulipokata njia ya mto sikuwa nimepata habari za Selemani. Sikujua kama yu hai. Sasa nikajua yu hai, na nikajua pia kitu gani "bado iko".

Ninyi majirani zangu mnanicheka kwa ugonjwa wangu wa kukusanya sarafu za zamani. Selemani, sonara na rafiki yangu wa ujana, ana ugonjwa huohuo. Kabla serikali haijatoa sarafu mpya, mafundi hupiga chache za majaribio ili wakubwa wazitazame. Zikikataliwa, haziingii sokoni kamwe. Huandikwa neno la Kifaransa *essai*, yaani jaribio, na ni adimu kuliko meno ya kuku. Majuma yale ya uhuru, Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga masanduku yake alimpa Selemani mbili, shukrani ya kutengenezewa mkufu wa mkewe. Zilikuwa pacha: nyota ileile, tundu lilelile katikati, ila moja ya shaba ya manjano na nyingine nyeupe ya nikeli. Selemani alinipa ya manjano, akabaki na nyeupe. Kila tulipoandikiana tuliahidiana kuzikutanisha. Kisha vita vikaja.

Kindu, asubuhi. Mke wangu Mariamu alinifungia mchele na sabuni za kumpelekea mke wa Selemani, na sarafu yangu akaishonea ndani ya kofia yangu. "Ukifika umtazame kwanza mwenyewe," aliniambia. "Sarafu haina njaa, itangoja."

Meli ilikuwa kuukuu na ilijaa hadi juu ya paa, lakini sijawahi kusafiri na watu wenye furaha namna ile. Kila kijiji tulichopita, watu waliteremka ukingoni wakipunga vitenge, kwa kuwa meli kwao ilikuwa na maana kwamba chumvi imerudi. Mitumbwi ilijishikiza ubavuni mwetu ikiwa na mananasi na samaki wa kukaushwa. Mama mmoja aliuza kila kitu, akasahau kushuka, akaenda nasi hadi kijiji cha mbele akiimba.

Ubundu. Hapo mto unaingia kwenye maporomoko na meli haiwezi kuendelea, kwa hiyo tulihamia garimoshi. Behewa letu lilikuwa na matundu ya risasi kila upande. Kijana mmoja mwenye gitaa aliyatazama akasema, "Bon, zamani hii behewa ilikuwa na moto sana. Sasa iko na madirisha mingi!" Wote tukacheka, hata mzee aliyekuwa akisali. Msitu ulitusindikiza siku nzima, na kila tuliposimama kuongeza maji watu walishuka kucheza gitaa likipigwa.

Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Reli inaishia hapo, na mji wenyewe uko upande wa pili. Wakati ule kwenye karatasi za serikali uliitwa bado Stanleyville, lakini sikumsikia mtu aliyeuita hivyo. Nilivuka kwa mtumbwi, minara miwili ya kanisa kuu ikikua mbele yangu, moyo ukinidunda kama wa bwana harusi.

Selemani nilimkuta mtaa wa Kabondo, mlangoni kwake, akipuliza mkaa wa kufulia fedha. Alikuwa amekonda na ndevu zimekuwa nyeupe. Alinitazama, akaangusha bomba lake la kupulizia.

"Rama! Uko muzima?"

"Niko muzima. Na wewe?"

"Mimi? Nilikufa mara mingi, nikachoka kufa!" Akanikumbatia, akalia, akacheka, na majirani wakatoka kuona kilichotokea. Mkewe, Mama Zaina, hakutaka maneno. Alichukua kikapu akaenda sokoni kutafuta samaki wa mgeni.

Hapo ndipo nilipouliza sarafu iko wapi. Selemani akaelekeza kidole juu.

Nyumba yake ameiezeka kwa bati, na chini ya kichwa cha kila msumari kuna kizibo cha chupa kilichopondwa ili mvua isipenye, kama wafanyavyo watu wote. Waasi walipoingia, na tena wanajeshi walipowafukuza, nyumba zilipekuliwa hadi ndani ya vyungu. Lakini nani angefungua vizibo vya paa? Sarafu ina tundu. Msumari ungepita humo bila kuiumiza.

"Iko juu ya chumba ya kulala," alisema. "Kila usiku nililala chini yake. Bunduki zikilia, naangalia pale, nasema: Kama ile inabaki, na mimi nabaki. Alors, kuja!"

Tukapanda. Tuling'oa msumari mmoja, kizibo kitupu. Wa pili, kitupu. Tukaendelea, Selemani aking'oa haraka zaidi na zaidi. Nusu ya bati za chumba cha kulala zilikuwa zimelegea wakati wingu jeusi lilipoinuka upande wa mto, na Mama Zaina akatokea njiani na samaki wake.

"Eh, Papa Selemani! Munavunja nyumba? Mvua inakuja!"

"Natafuta sarafu, Rama aione!"

Alitua kikapu chini taratibu. "Lakini haiko pale. Iko juu ya jikoni."

"Nani alikuambia? Mimi nilipanda na nyundo!"

"Ulipanda, ndiyo. Bunduki ikalia kwa mto, ukashuka mbio, ukaingia chini ya kitanda. Nani alimaliza kazi? Mimi."

Majirani waliokusanyika waliangua kicheko. Selemani alikaa juu ya bati, nyundo mkononi. "Na haukuniambia? Siku hizi zote?"

"Wewe haujui kudanganya," alisema mkewe, na sauti yake ikawa laini. "Wangekuuliza na bunduki, ungewaonyesha. Nilitaka uwaonyeshe pahali hapana kitu. Nyuma yake vita iliisha, na haukuuliza."

Hakuna aliyecheka tena. Selemani alimtazama mwanamke yule kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha tone la kwanza likaanguka na majirani wakapanda kutusaidia. Wanaume watano walipigilia bati za chumba cha kulala, huku Mama Zaina, mvua ikimlowesha, akinielekeza kutoka chini: "Kushoto, shemeji. Ile karibu na moshi."

Niling'oa msumari. Kizibo kikafunguka, na ndani yake ilikuwapo, nyeupe, nyota nzima, na alama moja ndogo ya kutu kando ya tundu. Selemani alitaka kuisugua kwa kanzu yake, nikampigia kelele aiache vilevile.

Jioni tulikula lituma, ndizi za kuchemsha zilizopondwa, na samaki, nguo zikikauka juu ya jiko. Niliifumua kofia yangu, tukaziweka pacha sahani moja, ya manjano na nyeupe. Nilikuwa nimekuja na nia ya kumwomba ile nyeupe. Badala yake nilimsogezea sahani. Selemani naye, niliona, alikuwa akiitazama ya manjano.

Mama Zaina ndiye aliyeamua. "Zisiachane tena. Mwaka huu ziende Kindu na shemeji. Mwaka kesho tunazifuata sisi, tunazirudisha. Na nyuma yake wewe unazifuata tena. Hivyo mutakutana, na hamutakosa tena kujua kama mwenzako iko ao haiko."

Nilirudi kwa njia ileile, garimoshi kisha meli, pacha wote wawili kofiani. Mariamu alikuwa ukingoni. Nilimweleza yote pale pale, mizigo ikiwa bado miguuni. Nilijifunza Kisangani kwamba mimi na Selemani tulikuwa wakusanyaji wa sarafu, lakini mlinzi wa kile tulichokusanya alikuwa mtu ambaye hatukuwahi hata kumwonyesha neno lililoandikwa kwenye sarafu zile. Nilipomaliza, Mariamu aliniuliza jambo moja tu: Mama Zaina anapenda mchele wenye nazi au mtupu?

Sikujua. Tunapaka chokaa chumba cha wageni, na tutamuuliza mwenyewe.