Apana Yangu kwenye Mlima wa Bugarama

Mnisamehe, mwandiko wangu umelala kama majani yaliyokanyagwa, na herufi nyingine zitakuwa zimepotea njia, maana niliishia shule ya msingi na kalamu naisukuma polepole. Lakini aibu hii nimeshindwa kuibeba peke yangu.

Baba mdogo Rajabu, fundi wa Nyakabiga hapa Bujumbura, alipata gari dogo la Kijapani, akasema tutakwenda nalo Gitega kuniposea Zaina, msichana nimpendaye, na mimi niwepo ili baba yake anione. (Mbele za watu ulimi wangu hukauka, ndiyo maana alinionya: "Ukiulizwa, ujibu!") Nikachagua kukaa mbele. Hapo ndipo nilipojiponza.

Gari lile lina usukani kulia, na kwetu tunapita kulia, kwa hiyo dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu, anayeona ni wa kushoto, yaani mimi. Mjini liliteleza kama sabuni, lakini mlima ulipoanza likanguruma, kwenye kona likalala upande, na mbele yetu lori la saruji, vijana wa baiskeli wamelishikilia nyuma liwavute.

"Kuna gari? Nipite?" akauliza baba mdogo.

Barabara ilikuwa tupu. Nikajibu swali la kwanza: "Apana."

Akabaki nyuma. Kila akiuliza, najibu "Apana," huku nashangaa mbona hapiti, labda gari halina nguvu (nikaona haya kumwuliza), naye anashangaa magari hayo ninayoyaona mbona hayafiki! Nyuma yetu honi tupu. Kijana mmoja wa baiskeli akageuka: "We muzee, na gari yako imeshikilia lori?"

Kufika Bugarama injini ikatoa mvuke, wauza karoti wakatuzunguka wakicheka. Gitega tulifika wali umeshapoa, wazee wamenuna. Baba yake Zaina akanikazia macho: "Kijana, uko na mwanamke mwingine Buja? Ama unamutaka huyu wetu?"

Nikajibu haraka: "Apana."

Baba mdogo akanigeukia taratibu. "Ngoja. Kule mulimani, apana yako ilikuwa ya gari, ama ya kupita?"

"Ya gari, baba mdogo."

"Yarabi! Barabara ilikuwa bure, bila gari?"

Nyuma ya pazia Zaina akapasuka kicheko: "Baba, anajibu ile ya kwanza! Mumuulize moja moja!"

Nikaulizwa moja, kama namtaka Zaina, nikasema "Ndiyo" kwa sauti ambayo hata sikuijua kuwa ni yangu. Wazee wakacheka, lakini jibu hawakutoa. Wakati wa kuondoka, baba mdogo akatoa kichwa dirishani: "Muzee, mumetukataa? Ama tulete mahari?"

Mzee akasema, "Apana," akafunga lango.

Baba mdogo anaona aibu kurudi kuuliza, na mimi ndiyo zaidi. Kushoto kwa usukani wa kulia sitakaa tena maishani. Ila ninyi mliosoma hapa, tafadhali niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu: ile apana ya mzee ilikuwa ya swali lipi?