Siku Cucu Alipozima Taa

Jumanne. Ukungu asubuhi, manyunyu mchana, chai haijachumwa.

Mwanangu Wanja, nimekuona ukifunga kile kifaa cha umeme cha jirani baada ya kukipima mara moja tu, nami nakumbuka siku moja nikiwa fundi kijana hapa Runyenjes. Nilimtengenezea Cucu, nyanya yangu wa Karurumo, kifaa cha kushusha umeme wa betri kutoka volti kumi na mbili hadi sita. Kiliwasha taa yake na redio yake, ile aliyoachiwa na marehemu babu. Nilipima vyote viwili vikiwaka: sita kamili. Nikajisifu.

Kesho yake redio ikanyamaza, ikatoa moshi.

"Cucu, umeifanya nini?"

"Nimezima taa tu. Si jua limetoka?"

"Na nani alikuambia uzime taa?"

Akaifuta redio masizi kwa leso yake. Swali langu lile bado nalisikia.

Nikaipeleka redio kwa Mzee Njeru, fundi aliyenifunza. Alicheka kwanza. "Yaani unataka cucu wa watu awashe taa mchana ndio hesabu yako itoshee?" Halafu akakunja uso. "Kosa ni lako. Nenda umwambie."

Alinieleza hivi, ingawa mimi niliishia darasa la nane na huenda naharibu: swichi iliyo ndani ya kifaa hufunga na kufungua, na koili, ule waya uliosokotwa, huendeleza mkondo wa umeme swichi ikiwa imefunguka. Mzigo, yaani vitu vinavyokula umeme, ukiwa mkubwa, mkondo wa koili haukatiki. Ukiwa mdogo, kama redio peke yake taa ikizimwa, mkondo unaisha hadi sifuri kabla swichi haijafunga tena. Hapo hesabu ya kwanza haifai, volti inapanda. Mimi sikuwa nimekiwekea kifaa njia ya kujipima na kujirekebisha. Tuliiweka, tukabadilisha na kipande cha redio kilichoungua.

Nikarudi. "Cucu, kosa lilikuwa langu."

"Kumbe! Na mimi siku tatu namwomba babu yako msamaha."

Redio ikaongea. Cucu akazima taa makusudi, akinitazama. Ikaendelea kuongea.

Basi, mwanangu, kifungue tena kile kifaa. Kipime na mzigo mzito, kisha na mwepesi kabisa, redio ya sauti ya chini peke yake. Na kikiungua, usianze kwa kumuuliza mwenye nyumba amefanya nini. Mungu aibariki mikono yako, akupe na ulimi mpole kuliko wangu wa siku ile.

Jioni tumekula githeri ya mahindi na maharagwe, na parachichi. Yako imepoa, maana umekifungua tena kile kifaa na bado unapima.